🌙 TAFAKURI YA RAMADHANI, SIKU YA 21: Mshindi wa Hittin na siku alizokuwa akidaiwa



Tumeshaingia kumi la mwisho. Kipindi hiki kila nyumba ina hesabu zake. Huku wanahesabu zimebaki siku ngapi, kule wanahesabu juzuu, na kina mama wanahesabu nguo za watoto na sukari ya Idi. Leo naomba tuongeze hesabu moja ambayo wengi tunaikwepa: siku za funga tunazodaiwa. Na atakayetufundisha ni mtu ambaye jina lake karibu kila Muislamu analijua, ila upande huu wa maisha yake wengi hatujausikia.

Tuanzie kijijini kwanza.

*Kijiji cha Hittin*

Palestina, upande wa Galilaya, kama kilomita nane hivi magharibi ya mji wa Tabariya, palikuwa na kijiji kinaitwa Hittin. Kilikuwa kijiji cha wakulima, chini ya kilima chenye vilele viwili. Kwa vilele hivyo watu wakakiita kilima Pembe za Hittin. Kijiji kilikuwa na chemchemi ya maji, na karibu yake kuna mahali panaponasibishwa na kaburi la Nabii Shuaib (a.s.). Wenyeji wake waliondoka katika vita vya mwaka 1948 na hawakurudi tena. Yamebaki mawe ya nyumba na mabaki ya msikiti na mnara wake.

Lakini ukitaja Hittin popote duniani, mtu hakumbuki wakulima wala chemchemi. Anakumbuka siku moja tu: Jumamosi ya tarehe 4 Julai 1187, mwezi wa Rabiul Akhir mwaka 583 Hijria, yaani Mfunguo Saba kwa hesabu yetu ya pwani. Siku hiyo Sultani Salahuddin Al-Ayyubi (Allah amrehemu) alilivunja jeshi la wapiganaji wa Msalaba.

*Mtoto wa Tikrit*

Jina lake hasa ni Yusuf, mtoto wa Ayyub. Salahuddin ni lakabu, maana yake wema wa dini. Alizaliwa Tikrit, mji ulio kando ya mto Tigris nchini Iraq, mwaka 532 Hijria. Kwao ni Wakurdi. Inasimuliwa kwamba usiku aliozaliwa ndio usiku baba yake alipotakiwa kuuhama mji ule pamoja na watu wake, kwa sababu ami yake mtoto, Shirkuh, alikuwa ameua mtu. Kwa hiyo kichanga kiliingia duniani na safari juu yake.

Akakulia Baalbek na Damascus. Ujanani hakuonekana kuwa mtu wa makubwa. Mwaka 1168 ami yake Shirkuh alipotaka kwenda naye Misri kwa mara ya tatu, Yusuf hakuitaka kabisa safari ile. Alikwenda kwa kulazimishwa. Sasa angalia mipango ya Allah: Shirkuh akafariki Machi 1169, muda mfupi tu baada ya kuwa waziri wa Misri, na uwaziri ukamwangukia Yusuf akiwa na miaka 31 hivi. Waandishi wa zama zake wanaeleza kwamba hapo ndipo alipotubia, akaachana na ulevi na mambo ya upuuzi, akavaa ukweli wa kazi.

Mwaka 1174 aliingia Damascus, baada ya kufariki Nuruddin, mtawala wa Sham. Ikamchukua miaka mingi kuziunganisha Misri na Sham chini ya mkono mmoja, na hapa tusidanganyane, miaka hiyo mara nyingi alikuwa anapigana na Waislamu wenzake. Alishindwa pia. Mwaka 1177, karibu na Ramla, jeshi la mfalme kijana wa Jerusalem, Baldwin wa Nne, ambaye alikuwa na ukoma, lilimshambulia ghafla, na akanusurika chupuchupu. Na mwishoni mwa 1185 aliugua sana, akapelekwa Harran, hata watu wakaanza kuwaza nani atarithi. Akapona.

Ishike hiyo habari ya ugonjwa. Tutairudia.

*Siku ya kiu*

Kulikuwa na mapatano ya amani kati yake na wapiganaji wa Msalaba. Aliyeyavunja ni Reynald wa Châtillon, bwana wa ngome ya Karak. Aliuvamia msafara wa Waislamu uliokuwa ukipita kwa amani, akateka watu na mali, na alipotakiwa kurudisha akakataa, hata mfalme wake mwenyewe alipomwambia. Salahuddin akaapa kwamba akimpata atamuua kwa mkono wake.

Mwanzoni mwa Julai 1187 Salahuddin akaushambulia mji wa Tabariya. Jeshi la Msalaba, watu kama 20,000, lilikuwa limepiga kambi Saffuriya penye maji ya kutosha. Wapo wenzao waliowashauri watulie palepale. Mfalme wao, Guy wa Lusignan, akaamua watoke. Ijumaa ya tarehe 3 wakaanza kutembea kwenye jua la kiangazi, wamevaa chuma, njia haina maji ya kuwatosha, na wapanda farasi wa Salahuddin wanawadonoa nyuma na ubavuni. Jua likazama hawajafika ziwani. Wakalala na kiu.

Upande wa Waislamu, ngamia walikuwa wanapandisha viriba vya maji kutoka ziwa Tabariya. Asubuhi majani makavu yakatiwa moto na upepo ukawapelekea moshi usoni. Askari wa miguu wakakimbilia zile Pembe za Hittin. Chemchemi ya kijiji iko chini yao, wanajua ipo, hawaifikii. Kufika alasiri mambo yalikuwa yamekwisha, na mfalme Guy akawa mateka.

Ndugu yangu uliyefunga, wewe unaijua kiu ya saa kumi jioni. Waza kiu ile ndani ya chuma, na mbele yako hakuna magharibi.

Mfalme akaletwa hemani. Salahuddin akampa kinywaji cha waridi kilichopozwa kwa barafu ya milimani. Guy akanywa kisha akampa Reynald. Hapo Salahuddin akaweka wazi kwamba aliyempa maji Reynald si yeye, kwa sababu kwa desturi ya wakati ule, mateka akishanywa maji ya aliyemteka, amesalimika. Reynald akauawa, Sultani akatimiza kiapo. Guy akaachwa hai.

Tuseme na haya, maana sifa za uongo hazimfai maiti: mashujaa wa vikosi vya Templar na Hospitaller waliotekwa, watu kama 200, waliuawa kwa amri yake. Wengi wa waliobaki wakauzwa utumwani. Ndivyo vita vya zama zile vilivyokuwa, na yeye alikuwa mtu wa zama zake. Na Ijumaa ya 27 Rajab mwaka ule ule, tarehe 2 Oktoba 1187, alipoingia Baytul Maqdis, hakurudia mauaji ambayo wapiganaji wa Msalaba waliyafanya walipouteka mji mwaka 1099. Watu walijikomboa kwa fedha, dinari 10 mwanamume na 5 mwanamke. Maskini kwa maelfu walifunguliwa bila kulipa, na maelfu wengine wakakosa cha kulipa wakaingia utumwani.

Juu ya kile kilima Salahuddin alijenga kuba la kukumbuka ushindi. Haikupita miaka mingi, msafiri aliyepita pale alikuta ni gofu.

*Daftari la deni*

Sasa tufike kwenye jambo letu.

Kadhi wa jeshi lake, Bahauddin Ibn Shaddad, aliishi naye kwa karibu miaka yake ya mwisho na akaandika habari zake. Katika habari hizo kuna jambo dogo ambalo mtu anaweza kulipita haraka: Salahuddin alikuwa anadaiwa siku za Ramadhani. Maradhi yalimfuatana na vita vikamwandama, na katika Ramadhani mbili akawa na siku hakuzifunga.

Usidhani alikuwa mtu wa kuitafutia Ramadhani mapumziko. Mwaka 584, mwaka mmoja na kidogo baada ya Hittin, alifika Damascus siku chache kabla ya mwezi kuandama. Watu wakamshauri atulie, awape askari ruhusa, afunge na watoto wake. Alikuwa hajawaona muda mrefu. Yeye akaona umri ni mfupi na kesho haina dhamana. Mwanzoni mwa Ramadhani akatoka kuizingira ngome ya Safad, kwenye mvua na matope. Usiku mmoja alikesha akisimamia kufungwa kwa mitambo ya kurushia mawe mpaka kazi ikamalizika. Ngome ikasalimu amri mwezi wa Shawwal.

Mtu wa namna hiyo, ungedhani atajiambia kwamba mimi nimemkomboa Baytul Maqdis, siku chache za funga si kitu mbele ya hayo. Wangapi wetu tungejiambia hivyo? Mbona tunajiambia kwa madogo zaidi: mimi nachangia msikiti, mimi nalea mayatima, Allah ananijua.

Yeye hakujiambia hivyo. Siku zake zilikuwa zimeandikwa. Katibu wake mkuu, Al-Qadhi Al-Fadhil, mwandishi aliyekuwa akimwandikia barua kwa wafalme na makhalifa, ndiye aliyekuwa akitunza hesabu ya siku ambazo Sultani hakufunga. Hebu tuliweke hilo moyoni. Kalamu ile ile ya mambo ya dola ilikuwa na ukurasa wa deni la funga.

Mwaka wake wa mwisho, akiwa Baytul Maqdis, akaanza kulipa. Al-Qadhi Al-Fadhil hakuwepo wakati huo, kwa hiyo Ibn Shaddad mwenyewe akashika hesabu. Akafunga siku baada ya siku, zaidi ya mwezi mzima. Funga ilikuwa inamwelemea, mwili wake ulishachoka. Tabibu akamlaumu. Naye hakusikiliza, kwa sababu hakujua mbele kuna nini.

Hapa nisimame kidogo, asije mtu akachukua nusu ya darsa. Hatusemi mgonjwa ampuuze daktari wake. Qurani imempa mgonjwa na msafiri ruhusa ya kula, kisha akamilishe idadi siku nyingine, na ambaye hana tarajio la kupona ana mlango wa fidia. Mwenye kisukari, mwenye figo, mjamzito, anayenyonyesha: zungumza na daktari, kisha muulize shekhe wako. Tunachokitafuta kwa Salahuddin ni ile hamu ya kulimaliza deni, na kule kujua deni lenyewe ni siku ngapi.

Na hakuwa hivyo kwa funga peke yake. Kuna mfanyabiashara alimshitaki Sultani huyu kwa kadhi hukohuko Baytul Maqdis, akidai kwamba mtumwa wake aliyekufa akiwa na mali nyingi mikononi mwa Salahuddin alikuwa ni wake. Salahuddin akateremka kwenye kiti chake, akakaa sawa na mdai wake. Akaleta mashahidi kwamba alimnunua mtumwa yule kabla ya tarehe inayodaiwa. Dai likaanguka. Juu ya hayo akampa yule mtu nguo na fedha, asitoke mikono mitupu. Mtu anayeogopa kudaiwa na Allah huogopa pia kudaiwa na waja.

*Lililobaki*

Palikuwa na nguzo moja ambayo hakuiwahi. Hakuhiji.

Nia alikuwa nayo siku zote. Baada ya kufunga mapatano na mfalme Richard wa Uingereza mwezi wa Shaaban 588, yaani Septemba 1192, akaamua mwaka ule ule aende. Akaagiza maandalizi yaanze. Lakini muda ulikuwa mfinyu na mkononi hakuwa na cha kuitosha safari ya mtu wa cheo chake. Akaisogeza mpaka mwaka unaofuata.

Mwaka unaofuata haukumfikia. Ijumaa ya tarehe 15 Safar 589, Mfunguo Tano, msafara wa mahujaji ulikuwa unarejea Damascus. Salahuddin akatoka kwenda kuwapokea, siku ya baridi na njia zimejaa maji ya mvua, na hakuvaa lile koti lake zito aliloizoea kulivaa akipanda farasi. Waza mtu huyu anavyowatazama waliotoka Makka, naye ameahirisha. Usiku uliofuata homa ikampata. Akaugua siku 12. Jumatano ya tarehe 27 Safar, Machi 4 mwaka 1193, baada ya swala ya alfajiri, akafariki. Alikuwa na miaka 57 kwa hesabu ya Hijria.

Walipofungua hazina yake binafsi wakakuta dirhamu 47 na dinari moja ya dhahabu. Nyumba hakuwa nayo, bustani hakuwa nayo, shamba hakuwa nalo. Zaka haikuwahi kumlazimu, kwa kuwa mali haikukaa kwake. Sadaka iliimaliza. Gharama za maziko zilikopwa, hata bei ya majani makavu ya kuchanganyia udongo. Sanda ikaletwa na yule yule Al-Qadhi Al-Fadhil aliyekuwa akimtunzia hesabu ya siku zake. Watoto wa kiume 17 na binti mmoja wakabaki.

Sasa yapime mawili haya. Siku za funga, aliziandika, akazianza, akazimaliza, na akafa miezi michache baadaye bila deni lile. Hijja aliipenda, akainuia, akaiahirisha mara moja tu kwa udhuru wa kweli, na ikampita. Mtu ni yule yule, imani ni ile ile. Tofauti yake ni kwamba moja aliianza leo na nyingine aliiwekea mwakani. Tunataraji Mola amlipe kwa nia yake. Ila sisi tuliobaki tunaona kwa macho yetu jinsi mwakani unavyoweza kumkosa mtu, hata awe sultani.

*Kazi ya usiku wa leo*

Dada yangu, siku zako za kila Ramadhani, umeziandika wapi? Wewe unayesema nadhani ni sita au saba, na za mwaka juzi nadhani nililipa. Kaka yangu uliyelazwa hospitali, wewe uliyekuwa safarini na lori wiki nzima, wewe uliyeugua malaria mwaka jana ukaacha tatu: ziko wapi? Bibi Aisha (r.a.) alikuwa na siku zake na alikuwa akizilipa Shaaban, mwezi wetu wa Mlisho, kabla Ramadhani nyingine haijaingia. Kudaiwa si aibu. Kutojua unadaiwa ngapi ndiko kunakotisha.

Baada ya tarawehe usiku wa leo, chukua daftari au hata simu yako hiyo hiyo. Andika mambo matatu:

1. Ramadhani ipi, na siku ngapi hukufunga. Ukiwa na shaka, chukua idadi kubwa.
2. Utaanza lini kulipa. Taja siku, si msimu. Kwa mfano, Jumatatu ya kwanza baada ya Idi.
3. Nani atakukumbusha. Mume, mke, dada, rafiki. Salahuddin alikuwa na wawili.

Na kama una mzee nyumbani ambaye hawezi tena kufunga, muulize kwa adabu kama fidia yake imetoka. Wazee wengi wanaona haya kuomba.

Mwisho, ukisikia tena watu wanaitaja Hittin, taja kile kilima na ile kiu, ni haki yake. Kisha umkumbuke Sultani mchovu pale Baytul Maqdis, amekaa na kadhi wake jua linazama, mbele yao maji ya kufuturia, na kadhi anaongeza alama moja kwenye hesabu: imebaki kadhaa.

Ewe Mola wetu, tutakabalie funga zetu, swala zetu na visomo vyetu. Tupe umri na afya ya kulipa tunayodaiwa, yaliyo baina yetu na Wewe na yaliyo baina yetu na waja Wako. Wape shifaa wagonjwa wetu, warehemu waliotutangulia, na usituchukue tukiwa tunaahirisha. Aamin.

Mpelekee mwenzako darsa hili, na kwanza kabisa mwenye gari la safari na mama anayenyonyesha. Tukutane kesho inshaAllah baada ya daku. Wabillahi tawfiq.